Mtoto Aliyehamia Kwako: Namna ya Kumpokea Hadi Ajione Yuko Kwao

Kila Januari shule zinapofunguliwa, na kila baada ya msiba, watoto wa Tabora hubadilisha nyumba. Wengine hushuka kwenye treni ya Reli ya Kati wakitokea Kigoma au Mpanda. Wengine hushukia stendi ya mabasi kutoka Nzega, Sikonge, Urambo au Kaliua, mkononi mfuko wa nguo chache na madaftari ya shule waliyoiacha. Hupelekwa Chemchem, Ng'ambo, Isevya au Kanyenye, kwa shangazi, kwa baba mdogo, kwa bibi. Mwenye nyumba alipigiwa simu jioni, akasema "mleteni tu", na kesho yake chakula kikapakuliwa kwa watu saba badala ya sita.

Huo ni wema mkubwa. Bila wema huo watoto wengi zaidi wangelala barabarani, na hakuna serikali wala shirika ambalo lingeweza kuziba pengo hilo. Lakini mtoto anaweza kula akashiba, akavaa, akaenda shule, na bado akaishi miaka mitatu katika nyumba hiyo kama abiria anayesubiri basi. Makala haya ni ya mwenye nyumba yule aliyesema "mleteni tu". Yanahusu mambo ya kufanya, na mengine ya kuacha, ili mtoto aliyefika mpweke apate rafiki na ajione yuko kwao.

Mji wenye historia ya watoto waliotoka mbali

Tabora inalijua jambo hili kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe ndipo ikagawanyika, moja ikienda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pamoja na pembe za ndovu walipitishwa watu waliofungwa, wakiwamo watoto. Mwaka 1871, msafiri Mzungu Henry Morton Stanley alipokuwa Kwihara, nje kidogo ya mji, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa mtoto wa kiume kama zawadi. Mtoto huyo aliitwa Ndugu M'Hali. Stanley hakulipenda jina, likatafutwa jingine, na tangu siku hiyo akawa Kalulu. Alimfuata Stanley hadi Ujiji, kisha Uingereza. Akasomeshwa London, akapigwa picha, na mwaka 1873 Stanley akachapisha kitabu cha hadithi chenye jina lake. Mwaka 1877 Kalulu alizama katika maporomoko ya mto Kongo, bado kijana mdogo. Alipewa viatu, suti, shule na umaarufu. Kwao hakurudishwa, na jina lake hakurudishiwa.

Stanley mwenyewe alizaliwa huko Wales akiitwa John Rowlands, akaachwa akiwa mtoto mdogo katika nyumba ya kutunzia maskini ya St Asaph. Namtaja kwa sababu inayotuhusu sisi. Kukulia mikononi mwa wengine peke yake hakumfanyi mtu kuwa mlezi mzuri. Wengi wetu tulilelewa kwa ndugu, na maneno makali tuliyosikia tukiwa na miaka minane ndiyo yanayotutoka leo tukichoka. Ni vizuri mlezi ajiulize mapema: mimi nilipokuwa mgeni katika nyumba ya watu, kitu gani kiliniumiza? Hicho asikirudie.

Kuna historia nyingine ya kutia moyo. Adriano Atiman alitekwa akiwa mtoto karibu na mto Niger, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria. Alisomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, akaoa hapo na kutibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuzaliwa Karema wala hakuwa na ndugu wa damu pale, lakini kwa zaidi ya miaka 60 hakuna aliyekuwa mtu wa Karema kumzidi. Alipewa nafasi ya kuhitajiwa na watu, naye akaijaza. Mtoto wa miaka tisa naye anataka hivyo hivyo, kwa kadiri yake.

Kabla hajafika

Waambie watoto wako mapema. Usingoje mgeni awe mlangoni. Waeleze anayekuja ni nani, kwa nini anakuja, atalala wapi, na nini hakitabadilika kwao. Mwanao akihamishwa kitandani bila kuambiwa, ameshaanza kumchukia mwenzake kabla hajamwona. Waache waulize maswali yao yote, hata yale ya aibu, siku hiyo na mbele yako. La sivyo watamwuliza yeye mwenyewe usiku taa zikizimwa.

Tayarisha vitu vichache ambavyo ni vyake peke yake: mswaki, taulo, kikombe, ndala, na sehemu ya kuweka nguo, hata kama ni boksi la sabuni lililobandikwa karatasi vizuri. Si lazima viwe vipya vyote, mradi visiwe vibovu kuliko vya wengine. Mtoto huzipima ndala zilizopangwa mlangoni kwa haraka kuliko mtu mzima anavyodhani.

Anayemleta usimwache aondoke kabla hujamwuliza mambo ya msingi. Mtoto anakula nini na nini hali? Anamwita nani akiota vibaya? Ana pumu, kifafa, sikoseli, au anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI? Kadi yake ya kliniki iko wapi? Habari za ugonjwa zibaki kwa walezi wawili, zisiwafikie majirani. Chukua na namba za simu za ndugu zake wote waliobaki, hasa kaka na dada zake.

Siku ya kwanza

Usikusanye watu kuja kumwona. Mtoto aliyetoka msibani ameshaangaliwa vya kutosha. Mpe maji ya kuoga, chakula, kisha mzungushe nyumba polepole: mtungi wa maji huu hapa, kata yake hii, swichi ya taa hii, mbwa wa jirani hufungwa pale lakini usiku huachiwa. Zaidi ya yote, mwoneshe choo mchana na tena usiku. Nyumba nyingi za Chemchem na mitaa ya jirani zina choo uani. Mtoto asiyejua njia ya kufika huko gizani atabana hadi alfajiri au atalowesha godoro, na siku yake ya kwanza itaanza kwa aibu. Mwachie tochi, umwambie ni nani wa kumwamsha amsindikize.

Wakati wa kula akae palipo na wenzake. Kama watoto wa nyumba wanakula sinia moja, naye mkono wake uwe humo. Asiposhika tonge siku hiyo usimlazimishe, na usiseme mbele ya wote kwamba chakula cha kwenu amekidharau. Mtoto kutoka ziwani anaweza kuwa hajawahi kuona vyakula vya hapa kama matobolwa na nsansa maishani mwake. Siku mbili tatu zijazo mwulize nyumbani kwao walipenda kupika nini, mkipike, na ikiwezekana yeye awe msaidizi jikoni.

Jina, na habari zake

Mwite kwa jina alilokuja nalo. Kama nyumbani tayari kuna Juma mwingine, tafuteni pamoja naye namna ya kuwatofautisha, si kumpachika jina ulilolipenda wewe. Yeye naye achague atakavyokuita. Mama mkubwa, baba mdogo, shangazi, mjomba, bibi: lugha yetu ina majina ya kutosha kwa kila mlezi, na mengi kati yake yana mama au baba ndani yake. Usimwambie "kuanzia leo mimi ndiye mama yako." Nafasi ya mama yake haijawa wazi, hata kama mama amefariki. Akikuita mama siku moja kwa hiari yake, itika tu bila kutangaza.

Maneno mawili yafutwe kabisa nyumbani: "yatima" na "mtoto wa watu". Mgeni akija kunywa chai akauliza "huyu ni nani?", jibu ni "huyu ni mwanetu, yuko darasa la nne." Basi. Kisa cha baba yake, ulevi wa fulani, mirathi, ugonjwa, visisimuliwe huku yeye akiosha vikombe hatua tano kutoka hapo. Anasikia kila neno, na kesho atajua majirani wanajua nini.

Usiku, godoro na mkate chini ya mto

Wiki za kwanza tarajia mambo yanayochosha. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani miaka mingi iliyopita anaweza kuanza tena. Hii ni kawaida ya mwili ulio na hofu na huzuni, wala si ukaidi. Weka nailoni chini ya shuka, mwamshe mara moja kabla wewe hujalala, na asubuhi shuka lifuliwe bila hotuba. Kumtembeza na godoro kichwani ili wenzake wamcheke, jambo ambalo bado lipo mitaani kwetu, humwongezea hofu ile ile iliyomfanya akojoe. Akilalamika maumivu, au ana homa, au anakwenda haja ndogo kila mara mchana, mpeleke kituo cha afya apimwe mkojo.

Wengine huficha chakula. Unatandika kitanda unakuta kipande cha mkate au viazi chini ya mto. Usimwite mwizi. Aliyewahi kulala na njaa hujiwekea akiba. Mwambie kuna chakula kila siku, kisha umwoneshe bakuli lenye kitu kidogo ambalo anaweza kuchukua bila kuomba: karanga, muhogo, embe za msimu. Akiona bakuli haliishi, ataacha kuficha.

Kuna na mtoto asiyesumbua kabisa. Anaamka wa kwanza, anafagia bila kuambiwa, hasemi, haombi, hakatai. Majirani humsifia. Mimi huyu ndiye ninayemhofia zaidi. Mara nyingi anaamini akikosea mara moja atafukuzwa. Siku atakayovunja glasi na kununa kama watoto wengine, ichukulieni kuwa hatua njema.

Mwambieni ukweli

Tuna desturi ya kuwaambia watoto kwamba mama "amesafiri". Tunaona tunawaonea huruma. Lakini mtoto huanza kungoja. Huhesabu treni. Akija kuambiwa ukweli na mtoto mwenzake shuleni, anapoteza mama na papo hapo anapoteza imani kwa mtu mzima aliyebaki. Mwambie kwa maneno mafupi: mama alikuwa mgonjwa sana, amefariki, hatarudi, na si kosa lako. Sehemu hiyo ya mwisho isiachwe. Watoto wadogo hudhani matukio makubwa yanasababishwa na utundu wao. Atauliza tena kesho na wiki ijayo swali lile lile. Mjibu vile vile.

Mwachie kumbukumbu zake. Picha, khanga ya mama, rozari au tasbihi ya bibi, hata shati kuukuu lenye harufu ya baba, visitupwe wala kufuliwa bila ruhusa yake. Kama ndugu zake wamegawanywa nyumba tofauti, wapange siku ya kupigiana simu, mathalani kila Jumapili, na siku hiyo iheshimiwe kama ya kwenda kanisani au msikitini. Ikiwezekana ndugu wasitenganishwe kabisa. Familia inapokaa matanga na kugawana watoto kama inavyogawana mbuzi, mtu mzima mmoja awe na ujasiri wa kusema wawili hawa waende pamoja.

Rafiki mmoja anatosha kuanza

Wazazi wengi hukosea kwa kuamuru. "Chezeni na mwenzenu!" Watoto hutii dakika tano, kisha kila mmoja anashika njia yake. Urafiki wa watoto huzaliwa kandoni mwa shughuli nyingine. Watume wawili dukani pamoja, siyo mmoja. Wawe zamu moja ya kuteka maji. Wapeleke wawili kusaga mahindi, wangoje foleni mashineni pamoja, wachoke pamoja. Safari kumi za namna hiyo hufanya kazi kuliko utambulisho wowote.

Michezo ya mitaani nayo ina busara yake. Chukua mdako. Watoto wanachimba kishimo kidogo mchangani, wanajaza vijiwe, mmoja anarusha kijiwe juu, anakumba vilivyomo kishimoni kabla hakijashuka, anakidaka. Anarusha tena, anavirudisha na kubakiza kimoja. Akikosa, zamu inamfikia wa pili yake. Hapa hakuna anayehitaji kuomba aingizwe. Ukichuchumaa kwenye duara, zamu itakufikia. Mdako hauhitaji maneno mengi, jambo lenye thamani kwa mtoto anayejua Kiha au Kirundi kuliko Kiswahili cha mjini. Kombolela ni hivyo hivyo: aliyejificha mwishoni anaweza kuwaokoa wote waliokamatwa, na mgeni aliyeokoa wenzake mara moja jioni hiyo anajulikana kwa jina lake. Kwa hiyo muda wa kucheza usichukuliwe kama zawadi ya waliomaliza kazi zote. Kuanzia saa kumi hadi magharibi mtoto mgeni anahitaji kuwa nje, chini ya miembe, palipo na wenzake.

Chunguza anajua nini ambacho wenzake hawajui. Aliyetoka kijijini Sikonge huenda anajua mizinga ya nyuki na matunda ya porini. Wa Kigoma anajua kuogelea na kufuma wavu. Mwingine anatengeneza magari ya waya yenye usukani unaogeuka. Mtafutie waya na vifuniko vya chupa, akae barazani aanze. Watakuja wenyewe. Mtoto anayefundisha wengine hawezi kuwa mgeni kwa muda mrefu.

Madrasa, kipaimara, kwaya, skauti na timu ya mtaa zina faida nyingine, kwamba humpa rafiki asiye wa nyumba hiyo. Anahitaji mtu wa kwake, asiyegawana naye shangazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya wakimbizi wa Poland, wakiwamo watoto wengi waliopoteza wazazi, waliletwa Tanganyika. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha. Kati ya mambo ya mwanzo waliyojipangia ni shule na vikundi vya skauti. Walijua mtoto aliyepoteza nchi anahitaji ratiba, sare na wenzake wa rika.

Shuleni

Elimu ya msingi haina ada, hivyo asikae nyumbani akisubiri fedha. Anahitaji uhamisho kutoka shule ya zamani, na shule hiyo iwape taarifa zake za PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi. Kama karatasi zimekwama, nenda na mtoto kwa mwalimu mkuu hivyo hivyo, ueleze, na umhusishe mtendaji wa mtaa. Wiki moja ya kukaa nyumbani wakati wenzake wanaenda shule ni ndefu sana.

Zungumza na mwalimu wa darasa faragha. Hana haja ya kisa chote. Anahitaji kujua kwamba mtoto ni mgeni, amepatwa na msiba, asiitwe mbele kueleza kazi ya baba yake. Mwombe amkalishe karibu na mwanafunzi mpole anayeishi njia moja naye. Njia ya kwenda na kurudi ndiyo mahali watoto wanapofanyiwa uonevu na ndiyo mahali wanapopata marafiki, kwa hiyo kuwa na mwenza njiani kunazuia la kwanza na kuleta la pili. Akichekwa kwa lafudhi yake, mwalimu alishughulikie jambo hilo siku hiyo hiyo. Tabora imepokea watu wa lafudhi zote. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu, na wengi wa watoto wao na wajukuu wao leo ni Watanzania wenzetu. Shule za bweni za hapa zimepokea watoto wa kila kona, akiwamo Julius Nyerere aliyefika kutoka Butiama akiwa kijana, mwaka 1937.

Jembe la siku ya tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa vibaya kwa watoto. Kazi ni sehemu ya kuwa wa nyumbani. Mtoto asiyepewa kazi yoyote anabaki mgeni wa heshima, na hilo linamwumiza. Kipimo ni rahisi: je, kazi zake zinalingana na za mwanao wa umri huo? Kama yeye anaamka saa kumi usiku kuchota maji na mwanao anaamka saa kumi na mbili kuvaa sare, huyo mmemfanya mtumishi. Sheria inaruhusu kazi nyepesi za ajira kuanzia miaka 14 tu, na kazi za hatari haziruhusiwi kabla ya miaka 18. Katika mkoa wetu hili linahusu tumbaku moja kwa moja. Nikotini hupenya ngozi kutoka kwenye majani mabichi yaliyolowa, na mtoto huishia kutapika na kizunguzungu. Asipelekwe kuchuma tumbaku, awe wa kuzaa au wa kulea.

Akikosea arekebishwe kama wengine, kwa maneno na kwa adhabu ndogo zenye maana: aliyemwaga maji akateke mengine. Fimbo kwa mtoto aliye katika huzuni haifundishi kitu. Na kuna sentensi moja ambayo ningependa kila mlezi aape kutoitamka, hata akiwa na hasira kiasi gani: "Nitakurudisha ulikotoka." Ukiitamka mara moja, kazi ya miezi sita inabomoka. Kuanzia hapo anapanga nguo zake ndani ya mfuko kila usiku.

Usiwasahau watoto wako. Watakuwa na wivu, na wivu huo si ubaya wa moyo. Kila mmoja apate dakika zake na wewe peke yake, na wasilazimishwe kugawa kila kitu. Mtoto anayeruhusiwa kuwa na mwanasesere wake asiyeguswa hugawa vingine kwa urahisi zaidi.

Karatasi na sheria

Mjulishe mwenyekiti wa mtaa na balozi wa nyumba kumi kwamba mtoto anaishi kwako. Kisha mwone afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri. Hii inamlinda mtoto na inakulinda wewe pia ndugu wakija na madai baadaye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila aliye chini ya miaka 18 haki ya jina, ya kuwajua wazazi wake na ukoo wake, ya kutobaguliwa, na ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Inalinda pia haki yake katika mali ya wazazi. Kama baba ameacha shamba au nyumba, hakikisheni cheti cha kifo kimepatikana na mirathi imefunguliwa mahakamani, jina la mtoto likiwamo. Cheti cha kuzaliwa, kama hana, hushughulikiwa na RITA kupitia ofisi ya wilaya.

Anayetaka kulea mtoto asiye wa ukoo wake lazima apitie kwa afisa ustawi, naye atakuja kuikagua nyumba. Kuasili ni hatua nyingine kubwa zaidi, na amri yake hutolewa na Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapa Tabora. Msichukue mtoto kwa makubaliano ya mdomo na mtu mliyekutana naye stendi.

Wapo wanaouliza kama si bora mtoto apelekwe kituo cha kulelea watoto, kwenye godoro zuri na umeme. Utafiti uliofanyika Bucharest, Romania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwafuatilia watoto 136 wadogo waliokuwa katika vituo. Baadhi waliwekwa katika familia za malezi kwa kuchaguliwa kwa bahati nasibu, wengine wakaendelea kama kawaida. Waliopata familia walikua vizuri zaidi akilini na katika mahusiano, hasa waliohamishwa kabla ya kufika miaka miwili hivi. Nyumba yako ya vyumba viwili Chemchem ina kitu ambacho jengo kubwa halina: mtu yule yule anayeamka naye kila asubuhi. Hata katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, watoto waliofika bila wazazi wamekuwa wakiwekwa katika familia za malezi za wakimbizi wenzao.

Dalili za kutopuuza

Huzuni inayopanda na kushuka ni ya kawaida. Isiyo ya kawaida ni mtoto anayeacha kula kwa siku kadhaa, asiyelala, anayejiumiza, anayesema afadhali afe, au anayemwogopa mtu mmoja mahususi nyumbani na kukataa kubaki naye. Msikilize bila kumhoji kama polisi. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe namba hiyo siku za mwanzo. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ikiwa kuna shaka ya kubakwa au kulawitiwa, mpeleke hospitali mara moja, kama ile ya Kitete, bila kumwogesha wala kufua nguo alizovaa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianza ndani ya saa 72. Msikubali suluhu ya kifamilia. Sheria inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto imevunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa.

Siku ya kuondoka

Baadhi ya watoto hawatakaa daima. Mama aliyekuwa mgonjwa hupona, baba aliyekuwa kifungoni hutoka, kaka hupata kazi Mwanza na kuomba kumchukua mdogo wake. Mtoto aliyeng'olewa mara moja asing'olewe tena kwa ghafla. Mpe taarifa wiki kadhaa kabla, mwulize anaonaje, na kama kuna shaka juu ya huko aendako, afisa ustawi aende kukagua kwanza. Achukue uhamisho wa shule mapema, kadi ya kliniki, dawa za mwezi mmoja, na vitu vyake vyote, pamoja na kikombe. Aage shuleni na mtaani. Rafiki yake aandikiwe namba ya simu ya huko aendako, na yeye aandikiwe ya nyumbani kwa rafiki, katika daftari lisilopotea, maana simu za watoto hupitia kwa wazazi na namba hubadilika. Kisha wewe mpigie Jumapili ya kwanza, na ile inayofuata.